Pesa Wanapokea kwa Sekunde Moja, Swali Je?

 

Haya ni maneno niliyoyasema barazani wiki iliyopita baada ya Isha. Wengi hamkuweza kufika mkaomba tuyaweke hapa. Nimeyaandika karibu vile vile nilivyoyasema, nimetoa mzaha peke yake.

Hebu chukua simu yako uishike mkononi. Ukitaka kulipia cheti cha kuzaliwa cha mtoto, leseni ya kuendesha gari au pasipoti, pa kwenda unapajua: eCitizen, na nambari ya malipo ni ile moja, 222222. Ukishabonyeza namba yako ya siri, hata simu hujairudisha mfukoni, ujumbe ushaingia: umelipa kiasi hiki, saa hii, nambari ya risiti ni hii. Hapo hatuna la kulaumu, mtambo unafanya kazi. Mwisho wa Juni 2023 serikali ilizindua huduma zaidi ya 5,000 kwenye mtandao huo, na pesa zetu zote zikaelekezwa njia moja.

Sasa chukua simu hiyo hiyo, jaribu kuiuliza serikali swali. Uliza: barabara hii ya mtaani kwetu ilipewa kontrakta gani, kwa shilingi ngapi, na ilikuwa iishe lini? Au uliza: maombi yangu ya kitambulisho yako meza ya nani? Utaona mambo. Utaambiwa andika barua. Barua utaipeleka, karani ataitazama kama umemletea nyoka. Atakwambia mkubwa hayupo, au iache hapo. Ukimwambia akupigie muhuri kwenye nakala yako, atakuuliza wewe ni wakili? Utarudi nyumbani bila risiti, bila nambari, bila ushahidi kwamba uliwahi kufika pale.

Mtambo unaojua kupokea pesa kwa sekunde moja hauwezi kupokea swali? Hilo tu ndilo nililotaka tulizungumze, na mengine yote nitakayosema yanatoka hapo.

Wengi wetu hudhani kuuliza serikali ni ukaidi, au ni kazi ya waandishi wa habari. Hapana. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 35, inasema kila raia ana haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa serikali. Miaka sita baadaye ikaja Sheria ya Kupata Habari, nambari 31 ya mwaka 2016, ikaeleza namna yenyewe. Na ni sheria nzuri, wallahi, sikufanyii chumvi. Inasema huhitaji kueleza kwa nini unataka kujua. Inasema ombi lenyewe ni bure, utalipia gharama ya kutoa nakala tu. Inasema unaweza kuandika kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, kwa hivyo usikubali kuambiwa ati barua ya Kiswahili haitambuliki. Na kama mtu hajui kuandika, ama ana ulemavu unaomzuia, ni kazi ya afisa kumsaidia na kumwandikia lile analolisema, kisha ampe nakala. Umewahi kumwona karani akimwandikia bibi yako? Mimi sijaona. Lakini sheria iko.

Afisa ana siku 21 za kukujibu. Akiwa na sababu, kama vile habari ni nyingi mno, anaweza kujiongezea siku 14, mara moja tu. Akinyamaza siku zikapita, sheria inahesabu kwamba amekukatalia, na hapo unazo siku 30 za kwenda kwa Tume ya Haki za Kiutawala, ile wengi wetu tunaiita Ombudsman, ili ilipitie upya suala lako. Mombasa wana ofisi.

Kisha sheria ikaenda mbele zaidi. Ikasema ofisi za umma zisingoje kuulizwa. Zitangaze zenyewe kazi zao, na mikataba wanayotia saini: kazi ni gani, pesa ngapi, aliyepewa ni nani, muda ni upi. Na ikasema kila ofisi iingize rekodi zake kwenye kompyuta ndani ya miaka mitatu tangu sheria ianze kuihusu. Sheria ilianza kutumika Septemba 2016. Hesabu mwenyewe. Septemba 2019 ilishapita, tukapitisha korona, tukapitisha uchaguzi mzima, na bado ukienda ofisi fulani unaambiwa faili halionekani. Faili! Upande wa kupokea, serikali imehamia mtandaoni. Upande wa kujibu, iko kwenye kabati la chuma, na ufunguo anao mtu aliyeenda likizo.

Nitakupa kesi moja, na ni ya kwetu hapa hapa.

Reli ya SGR ilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Exim ya China, mikataba ikatiwa saini mwaka 2014, na abiria wakaanza kusafiri mwisho wa Mei 2017. Sisi watu wa Mombasa ndio tulioijua reli ile kwa mwili. Ilipotolewa amri ya 2019 kwamba mizigo iende Nairobi kwa reli, uliona Changamwe, uliona Miritini. Malori yalisimama, yadi za kontena zikakauka, vijana waliokuwa wakipata kibarua wakakaa maskani. Watu wakauliza swali la kawaida kabisa: hii mikataba inasema nini? Tumelazimika kufanya hivi kwa sababu ya deni? Maana nyumba yako ikiwekwa rehani, si una haki ya kusoma karatasi?

Wakaandika barua kwa mujibu wa sheria, wakanyimwa. Ndipo Khelef Khalifa, ambaye mnamjua kwa kazi yake ya haki za binadamu hapa Pwani, pamoja na Wanjiru Gikonyo, wakaenda Mahakama Kuu Mombasa. Serikali ikajitetea kwamba mikataba ile ina sharti la siri. Mnamo Mei 2022 Jaji John Mativo akaamua kwamba kuwanyima wananchi habari ile ni kuvunja katiba. Hata baada ya hukumu, karatasi hazikutoka. Zilikuja kutoka Novemba mwaka huo, serikali ilipobadilika na waziri mpya wa uchukuzi, Kipchumba Murkomen, akaweka baadhi ya mikataba ya mkopo mtandaoni. Baadhi. Si yote.

Ilipotoka, watu waliisoma kwa simu usiku mmoja. Kumbe ndani mna sharti kwamba pakitokea mgogoro, utakwenda kuamuliwa Beijing. Kumbe mna sharti linaloifunga Kenya isiitoe mikataba bila idhini ya mkopeshaji. Yaani wewe mlipaji unahitaji ruhusa ya anayekudai ili usome unadaiwa nini.

Kwetu sisi Waislamu jambo hili halihitaji tafsiri nyingi. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani ni ile ya Suratul Baqara inayohusu deni, kwamba likopeshwe kwa maandishi, pawe na mwandishi mwadilifu, pawe na mashahidi. Deni la mtu na mtu limewekewa masharti yote hayo. Je, deni la watu milioni hamsini, litakalolipwa na watoto ambao hawajazaliwa?

Sasa nawauliza wanaosema sheria tunayo, mwataka nini tena. Tunataka kwamba ile miaka ya barua na kesi isiwepo. Mkataba ukitiwa saini asubuhi, jioni uwe mtandaoni. Na uwe maandishi ambayo unaweza kutafuta neno ndani yake kwenye simu, si picha ya karatasi iliyopigwa kombo, imejaa kivuli cha kidole cha mtu. Hilo ni jambo dogo kwa mtambo unaohesabu mabilioni. Na pamoja na hilo, Sheria ya Siri za Serikali ya mwaka 1968 ingali katika vitabu vyetu. Afisa anayeogopa hukimbilia hiyo. Sheria mbili zinavutana, moja ya enzi ya taipureta inasema nyamaza, nyingine ya 2016 inasema sema, na karani wa kawaida huchagua ile ambayo haitamfukuzisha kazi. Bunge lazima liseme wazi ipi iko juu.

Ngoja niingie katika jambo lililo zito zaidi kwa watu wetu.

Katika sheria hiyo ya 2016 kuna mstari mmoja ambao ningependa kila mama katika mji huu aujue kama anavyojua namba yake ya simu. Ule muda wa siku 21 si wa kila kitu. Habari ikiwa inahusu uhai au uhuru wa mtu, afisa anatakiwa kuitoa ndani ya saa 48. Saa arubaini na nane. Na katiba, kifungu cha 49, inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita, au siku ya mahakama inayofuata kama saa hizo zimeangukia nje ya muda wa kazi.

Mnajua kwa nini nasema hivi. Mtaani kwetu kijana huchukuliwa akitoka msikitini, gari halina namba, na walio ndani hawajitambulishi. Kisha familia inaanza kuzunguka. Nilimsindikiza mama mmoja katika mzunguko huo. Sitasema mtaa wala vituo. Tulikwenda kituo cha kwanza, tukaambiwa hapa hayupo. Cha pili, hayupo. Cha tatu, askari alifungua kitabu cha OB, akapitisha kidole haraka haraka, akakifunga. Mama akamwambia, mwanangu, nisomee majina. Akajibiwa kitabu hiki si cha raia. Mama yule ana simu ya kabambe na alikuwa amevaa kandambili, tangu alfajiri hajatia kitu mdomoni.

Usiku ule tuliandika barua tatu, kila moja nusu ukurasa, tukataja zile saa 48. Asubuhi tukazipeleka. Vituo viwili havikutaka hata kuzigusa, tukaziacha juu ya kaunta, tukapiga picha pale pale tukiwa na mashahidi. Kituo kimoja walipiga muhuri. Kesho yake mama akapigiwa simu, akaambiwa kijana yuko mahakamani, nje kabisa ya mji huu. Sitakudanganya kwamba barua ndiyo iliyomtoa, siwezi kujua. Ninachojua ni kwamba muda wote tulipokuwa tukizunguka, jina lake lilikuwa limeandikwa kwenye kitabu mahali fulani, ama halikuandikwa popote, na sheria ilimpa mama haki ya kujua ni lipi kati ya hayo mawili.

Miaka kadhaa sasa tunaahidiwa OB ya kidijitali. Nchi nzima, kitabu kimoja, kwenye kompyuta. Tunaitaka. Lakini tuwe macho, ndugu zangu. OB ya kompyuta ambayo askari peke yake ndiye anayeiona ni kitabu kile kile kimebadilishwa jalada. Inayotufaa ni ile ambayo mzazi akituma jina na nambari ya kitambulisho cha mwanawe kwa simu yoyote, hata ya kabambe, anajibiwa: yuko kituo hiki, aliingizwa saa hii. Au: hayuko katika rejista yoyote. Jibu hilo la pili ndilo la kutisha, lakini ni ushahidi, na wakili akilipata saa hiyo hiyo anajua la kufanya.

Hapo kijana mmoja barazani alinyosha mkono akaniuliza: na je, yule asiye na kitambulisho? Swali zuri, na ninaliweka hapa kwa sababu wengi wenu mnaosoma linawahusu.

Akaunti ya eCitizen hufunguliwa kwa nambari ya kitambulisho. Haki ya kifungu cha 35 ni ya raia. Sasa wewe uliyenyimwa kitambulisho, au uliyezungushwa miaka mitatu, unataka kuuliza kwa nini umenyimwa. Wanakuambia, thibitisha kwanza wewe ni raia, leta kitambulisho. Unaona pale mbwa anavyojizungushia mkia? Mmarekani haulizwi hivyo, Mnubi wa Kibera anaulizwa, Msomali wa Garissa anaulizwa, na Mswahili wa Mji wa Kale mwenye jina la Kiarabu anaulizwa.

Jibu langu ni kwamba utumie mlango wa pili. Kifungu cha 47 cha katiba hakisemi raia, kinasema kila mtu. Ikiwa uamuzi wa ofisi umekudhuru katika haki yako, una haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Kwa maandishi, si kwa kutikiswa kichwa dirishani. Na uraia wa kuzaliwa haupewi na kadi. Kadi huja baadaye.

Februari 2025 Rais alikwenda Wajir akatia saini tangazo la kuondoa ule msasa wa ziada uliokuwa ukifanyiwa watu wa kaunti za mpakani. Tulishukuru, na tunashukuru bado. Lakini kwa miaka mingi wazee wetu walisimamishwa mbele ya kamati zile, wakaulizwa kabila la babu wa babu, na hakuna aliyewahi kubandikiwa ukutani orodha ya vigezo vyenyewe. Kwa hivyo ombi letu sasa ni jepesi: waraka unaowaeleza maafisa wa usajili wafanye nini baada ya tangazo lile uwekwe mtandaoni, kwa Kiswahili na kwa Kisomali. Maana mkubwa akisema Wajir, na karani wa Pwani asione karatasi, atafanya alivyozoea.

Kuna upande mwingine nisipoutaja nitakuwa sikutenda haki. Tukisema uwazi, hatumaanishi habari zako wewe ziwe wazi. Serikali yetu ina tabia ya kufungua dirisha la mwananchi na kufunga la kwake. Wakati wa Huduma Namba mwaka 2019 walikusanya alama za vidole za nchi nzima. Nubian Rights Forum na wenzao walikwenda mahakamani, na mwaka 2020 Mahakama Kuu ikasema mpango ule usiendelee bila ulinzi wa kutosha wa kisheria. Oktoba 2021 mahakama ikauzuia tena, kwa sababu kadi zilitolewa bila kupimwa kwanza madhara kwa faragha ya watu, kama Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inavyotaka. Na Julai 2023, wiki chache tu baada ya zile huduma 5,000 kuzinduliwa, wadukuzi waliushambulia mtandao wa eCitizen, huduma zikayumba siku kadhaa. Mlango ukiwa mmoja, ukigoma sote tunalala nje. Ndiyo maana dirisha la karatasi lisifungwe, wazee wetu bado wanalihitaji.

Kama kuna anayedhani wananchi hawana haja na nyaraka za serikali, akumbuke Juni 2024. Mswada wa Fedha ulikuwa kitabu kizima cha Kiingereza cha mawakili. Ni vijana walioufungua, wakautafsiri kwa lugha za nyumbani, wakaueleza kwa video za dakika moja, mmoja akatengeneza hata programu ya kujibu maswali kuuhusu. Serikali haikuwapa senti kwa kazi hiyo. Tarehe 26 Juni Rais akasema hatautia saini, na tunawaombea rehema waliouawa siku iliyotangulia. Kazi ya kutafsiri ilikuwa ya serikali tangu mwanzo. Kiswahili ni lugha rasmi ya Jamhuri hii kwa kifungu cha 7 cha katiba, haitakiwi kungoja watoto wa TikTok.

Basi tunapeleka waraka wetu kwa wabunge wa Pwani, na nimekwisha kukutajia karibu yote yaliyomo. Kila ombi la habari lipewe nambari papo hapo kwa ujumbe wa simu, kama malipo yanavyopewa, na siku 21 zianze kuhesabiwa na mtambo wenyewe, zikipita lijipeleke kwa Ombudsman bila wewe kupanda matatu. Na katika suala la uhai na uhuru, neno raia litoke, liingie kila mtu. Anayetaka kusoma rasimu nzima atuandikie hapa ujumbe wa faragha, tutamtumia. Ukiona tumekosea, tuambie kabla hatujaipeleka.

Wakati huo wote unangoja Bunge, barua ya karatasi bado ni halali. Andika jina lako na namba ya simu. Iandikie mkuu wa ofisi, kwa sababu kisheria yeye ndiye afisa wa habari hata kama amemwachia mwingine kazi. Taja Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Eleza unachotaka kwa jina na tarehe, usiseme "nataka kujua kila kitu kuhusu barabara", sema "nataka nakala ya mkataba wa barabara kutoka hapa hadi hapa". Toa nakala mbili, moja ipigwe muhuri. Wakikataa muhuri, itume kwa barua pepe ya ofisi pia, ujumbe wenyewe una tarehe na saa.

Jumamosi hii baada ya Adhuhuri tutakuwa ofisini kwetu na kompyuta mbili na printa. Aliyekwama na kitambulisho, aje na cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki na karatasi ya kusubiri kama alipewa. Mwenye jamaa aliyepotea asingoje Jumamosi, apige simu usiku huu.